Penseli ya Mtoto Mwingine: Kisa cha Binti wa Gredi ya 6 na Mtihani wa Kiingereza

Kuhusu kisa hiki

Mimi ni mwalimu wa tuisheni huku Eastlands, na wanafunzi wangu wengi wanatoka shule za umma. Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu na wazazi wanaomwandalia mtoto mtihani wa Kiingereza wa kuingilia shule, ule ambao Nairobi tumezoea kuuita intavyuu. Shule sitaitaja. Mtaa, biashara ya mzazi na miezi nimevigeuza kidogo. Mwanafunzi nitamwita Binti tu. Mama yake aliisoma rasimu akaniruhusu, baada ya kunifutisha sentensi moja ambayo hata mimi naona ilistahili kufutwa.

Usuli

Binti alikuwa na miaka 11, yuko Gredi ya 6, darasa lenye wanafunzi zaidi ya sitini. Kwao Kiswahili ni cha sebuleni, Sheng ni ya kwenye ngazi za ploti, na Kiingereza ni cha ubaoni. Alikuwa msomaji: chochote chenye maandishi kilichofungia mandazi alikisoma kabla ya kukitupa.

Mama yake, anayeuza nguo za mitumba, alikuwa amesikia kwa mteja kwamba shule moja ya mtaala wa Uingereza, upande wa pili wa jiji, hutoa basari kwa watoto wachache wanaofanya vyema katika mtihani wa kuingia Mwaka wa 7. Masomo huanza Septemba. Mtihani ulikuwa Mei. Alinijia katikati ya Januari akiwa na fomu ndani ya mfuko wa nailoni, akasema, "Mwalimu, hesabu ana. Kiingereza ndicho kitamwangusha. Nipigie hapo."

Mama alikuwa akipiga picha ya KCPE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, aliofanya yeye. KCPE iliendeshwa kuanzia 1985 hadi 2023, na karatasi yake ya Kiingereza ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, kisha insha ya dakika 40. Mtihani huu ulikuwa wa sura nyingine. Dakika 75, sehemu tatu: ufahamu, halafu sarufi, tahajia na uakifishaji vikiwa na alama 40, halafu insha fupi ya alama 20. Shule haikutoa karatasi za miaka iliyopita. Ilituma ukurasa mmoja wenye orodha ya mada na mfano mmoja wa swali la tahajia: mstari wa maneno umekatwa vipande vinne, A, B, C na D, nawe unaandika herufi ya kipande chenye kosa. Kama mstari hauna kosa, unaandika N. Hiyo N shikeni, tutairudia.

Wiki tano za kwanza

Nilianza nilivyoanza siku zote. Nilishuka mjini, kwenye wale wauzaji wa vitabu vya kuinama, vinavyotandazwa chini, nikanunua kijitabu cha mazoezi kilichochapishwa Uingereza, kimetumika lakini kurasa zote zipo. Nikachapisha pia karatasi za mtihani wa sarufi, uakifishaji na tahajia ambao watoto wa Mwaka wa 6 kule Uingereza hufanya. Mtihani huo ulianza 2013. Karatasi ya kwanza huwa na alama 50 kwa dakika 45, ya pili ni imla ya maneno 20, jumla alama 70, na karatasi za nyuma zinapatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao. Kwa mwalimu wa tuisheni hiyo ni hazina, nami niliila kwa pupa.

Tulikutana Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu kila mara. Mada moja kwa wiki: vihusishi, vishazi, nyakati za kitenzi, alama za usemi halisi, nuktamkato. Binti alikariri kila kitu. Ungemwamsha usiku angekupa fasili ya kishazi tegemezi kabla hajajua yuko wapi.

Jaribio la kwanza, wiki ya kwanza: 19 kwa 40. Jaribio la pili, wiki ya tano: 21.

Alama mbili kwa wiki tano. Mama hakusema kitu. Alihesabu noti za wiki hiyo polepole kuliko kawaida, akanipa.

Jumamosi ya kifutio

Tulikuwa tukisomea kwenye maktaba ya Makadara, tawi la McMillan, kwa sababu kwao kuna redio ya jirani na kwangu kuna watoto. Kile kijitabu kilikuwa na majibu ya penseli ya mtoto aliyekitumia kwanza, na kila wiki nilikuwa nikiyafuta kabla ya somo. Siku hiyo nilisahau kifutio. Nikamwambia Binti, basi sahihisha kazi ya huyu mwenzako.

Akaanza kwa furaha ya mtu aliyepewa filimbi ya refa. Baada ya dakika kadhaa akacheka hadi mzee aliyekuwa akisoma gazeti akatugeukia.

"Ticha, ameandika *could of*."

"Na?"

"*Of* ya nini hapo? Huyu ni Mzungu?"

"Jina lake la mbele linaonyesha hivyo."

"Na hajui Kiingereza?"

Nikataka kumjibu haraka, nikanyamaza. Mtoto yule alijua Kiingereza vizuri mno, ndiyo maana akaandika hivyo. Amekisikia tangu tumboni. Amesikia *could've* mara elfu, na sikio lake likamletea *of*. Binti hawezi kufanya kosa hilo kwa sababu alikutana na neno hilo kwanza kwenye karatasi.

Nilirudi nyumbani nikakipitia kijitabu upya, safari hii nikijiuliza kila ukurasa unatibu ugonjwa wa nani. Kulikuwa na kurasa za *could of*. Za *we was*. Za *I done it*. Za *them books*. Magonjwa ya mtoto wa Uingereza, tena yametibiwa kwa ustadi. Kisha nikafungua daftari la Binti, nikakuta sentensi hii: *The man who I greeted him has stood at the gate.* Nikatafuta ukurasa wa kutibu hiyo. Haukuwepo, wala usingekuwepo. Mtoto wa Leeds hawezi kuisema hata ukimlipa.

Lakini itafsiri kwa Kiswahili: *Mtu niliyemsalimu amesimama langoni.* Haina dosari. Ile *him* ni *-m-* ya *niliyemsalimu*. Ile *has stood* ni *-me-* ya *amesimama*. Binti hakuwa mzembe. Alikuwa ameandika Kiswahili safi kwa maneno ya Kiingereza.

Daftari la safu tatu

Kuanzia wiki ya sita tuliweka kijitabu kando, tukachukua daftari jipya la kurasa 96 na kugawa kila ukurasa safu tatu. Ya kwanza: nilichoandika. Ya pili: Kiswahili kilichokuwa kichwani. Ya tatu: Kiingereza kinataka nini. Kila kosa kutoka kwa kazi yake yoyote, hata ya shuleni, liliingia humo, na safu ya pili alijaza mwenyewe. Mimi nilikuwa siruhusiwi kuigusa. Sheria hiyo aliitunga yeye.

Baada ya wiki tatu daftari lilikuwa na makosa zaidi ya sitini, lakini safu ya kati ilikuwa ikirudia mambo tisa tu. Sitayaeleza yote. Mengine ni ya kawaida: *he* badala ya *she* kwa kuwa *yeye* hana jinsia, *this books* kwa kuwa sikio letu lina *i* moja na *this* na *these* zinaingia mlango mmoja, *three luggages* kwa kuwa mizigo yetu inahesabika. Niangalie matatu yaliyoleta alama nyingi zaidi.

La kwanza ni *-nge-*. Binti aliandika: *If I would have a bicycle, I would come early.* Safu ya pili akaandika: *Ningekuwa na baiskeli, ningekuja mapema.* Akaziviringia duara *nge* zote mbili, akakaa akizitazama. Kiswahili kinaweka *-nge-* pande zote mbili za sentensi, tena kwa haki kabisa. Kiingereza ni bahili, *would* kinatoa moja tu. Upande wa *if* kinalipa kwa wakati uliopita: *If I had a bicycle, I would come early.* Alichora *nge* ya kwanza amekata kwa mstari, ya pili ameacha. Tangu siku hiyo kosa lile lilijitokeza mara moja tu, na alilikamata kabla yangu.

La pili ni *-me-*, na hapa nilijikanyaga. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka kwamba *-me-* ni *have* au *has*: *nimekula*, *I have eaten*. Kwa *kula* ni sawa. Lakini *amelala* ni *he is asleep*, *amechoka* ni *he is tired*, *amesimama* ni *he is standing*. Kiswahili kinahesabu tendo lililoisha, Kiingereza kinatazama hali unayoiona sasa. Binti ndiye aliyenionyesha. Aliuliza, "Ticha, kama *nimekula* ni *I have eaten*, mbona *nimekasirika* si *I have annoyed*?" Niliomba muda hadi Jumatano. Jumatano tukatenga vitenzi vya hali: kulala, kusimama, kukaa, kuchoka, kukasirika, kuvaa, kushiba. Orodha fupi, lakini ilifuta makosa ya ukurasa mzima.

La tatu ni ritifaa. Kwetu alama ile ina kazi moja kubwa, kumwonyesha msomaji kwamba *ng'ombe* si *ngombe*. Inahusu sauti. Mtoto akikutana nayo kwenye Kiingereza hasikii sauti yoyote, basi anaibandika popote penye *s* ili awe salama. Binti aliandika *The dog wagged it's tail*, na chini yake *tomato's for sale*.

"Sema hiyo ya mbwa kwa Kiswahili."

"Mbwa alitikisa mkia wake."

"Umesikia *-ake*?"

"Nimesikia."

"Ukisikia *-ake*, ritifaa haina kazi pale."

*Its* ni *-ake*. *It's* ni *it is* au *it has* iliyomeza herufi. Na kwa majina ya watu na vitu, tega sikio usikie *-a* ya umilikaji: *begi la msichana*, ritifaa ipo, *nyanya za kuuza*, nyanya hazimiliki chochote, ritifaa iende zake. Kisha sikiliza kiambishi cha mwenye mali. *Mabegi ya msichana* ni *the girl's bags*. *Mabegi ya wasichana*, umesikia *wa-*, basi *s* hutangulia na ritifaa hufuata: *the girls' bags*.

Mbinu hii ilidumu siku nne. Siku ya tano alileta *the childrens' shoes* akidai amesikia *wa-* ya *watoto*. Alikuwa amefuata sheria yangu kikamilifu. Ikabidi niongeze kwamba *children*, *men* na *women* zimeshakuwa wingi kabla ya *s* kufika, kwa hiyo ritifaa inarudi kutangulia *s*. Aliandika kwenye daftari: "Ticha alisahau."

Tahajia: kusoma kwa sauti ya nyumbani

Kwa tahajia nilitumia kitu ambacho watoto wa hapa hufanya kwa mzaha, kulisoma neno la Kiingereza kana kwamba ni la Kiswahili. *Wednesday* ikawa "we-dne-sda-i". *February* ikawa "fe-bru-a-ri". *Separate* ikawa "se-pa-ra-te", na ile *a* ya katikati ambayo wengi huandika *e* ikajianika. *Island* ikawa "i-sla-ndi", na *s* isiyotamkwa ikapata mdomo. (Hiyo *s* yenyewe iliingizwa na wasomi wa zamani waliodhani neno lina undugu na *isle*, na halina. Binti aliposikia alisema, "Kwa hiyo nao walikosea tahajia." Ndiyo, wakaifanya sheria.)

Mbinu hii ilifanya kazi kwa herufi zilizonyamaza na irabu zilizofifia. Kwa konsonanti zinazojirudia haikufua dafu. Sisi tukiandika *mmoja* au *nne* tunazisikia zote mbili, kila moja ina silabi yake. *Accommodate* huzisikii *c* mbili wala *m* mbili hata uisome kwa lafudhi ya Lamu. Hapo tulirudi kwenye kanuni kavu ya irabu fupi kulindwa na konsonanti mbili, *hopping* na *hoping*, *dinner* na *dining*, na maneno kumi na mawili makaidi akayaandika kila siku kabla ya kulala. Saba yalikaa. Matano, likiwemo *embarrass*, yalikuja na kuondoka hadi mwisho.

Maamuzi matatu yaliyobishaniwa

*Lugha ya nyumbani.* Mwezi wa Februari mama alipiga marufuku Kiswahili ndani ya nyumba. Kulikuwa na kopo juu ya friji, na kila neno la Kiswahili lilikuwa shilingi tano. Nilipouliza aliitoa wapi, akacheka akanisimulia diski aliyovalishwa shingoni akiwa mdogo, ile iliyokuwa ikizunguka darasani kutoka kwa aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani hadi kwa atakayenaswa baada yake. "Nilichukia," alisema, "lakini nilijifunza." Nilimwomba aliondoe kopo. Sababu yangu haikuwa huruma. Safu ya pili ya daftari ilihitaji mtoto anayekisikia Kiswahili chake waziwazi, na mtoto anayetozwa faini kwa kukisema hukificha, kisha kinajipenyeza kwenye Kiingereza bila yeye kujua. Alikataa wiki mbili. Alikubali baada ya kuona ukurasa wa *nge*.

*Shule.* Mtoto akiingia Mwaka wa 7 Septemba, kwa kalenda yetu anatoka Gredi ya 6 katikati ya mwaka, na anaikosa KPSEA, mtihani wa taifa wa Gredi ya 6, ya mwishoni mwa Oktoba. Mama alitaka kumwondoa shuleni kuanzia Aprili ili ashinde na tuisheni. Nilipinga, ingawa ningelipwa zaidi. Basari haikuwa mkononi, na mtoto asiye na basari wala KPSEA angekuwa amesimama kwenye daraja lisilo na ng'ambo. Aliendelea na shule.

*Ile N.* Katika jaribio la wiki ya kumi Binti alipata 29, maendeleo makubwa, ila alama tano zilipotea sehemu moja: kila mstari usio na kosa aliutafutia kosa. Nilipomuuliza alijibu kwa mantiki ya mtoto aliyesahihishwa maisha yake yote: "Ticha, mtihani hauwezi kuleta kitu hakina kosa. Sasa wanatafuta nini?" Nilimtengenezea mistari 20, na 12 kati yake haikuwa na kosa lolote. Sikumwambia. Alisahihisha yote 20, baadhi kwa ubunifu wa kutisha. Baada ya hapo tukaweka masharti: kabla ya kuandika A, B, C au D lazima ataje kosa kwa jina, kwa sauti ya chini. Huna jina la kosa, andika N uendelee. Wiki ya kumi na nne alipata 33.

Matokeo

Mtihani ulifanyika Jumamosi ya Mei. Wiki tatu baadaye shule ilimpigia mama. Sarufi, tahajia na uakifishaji: 34 kwa 40. Ufahamu: vizuri. Insha: 9 kwa 20. Nafasi alipewa. Basari hakupewa. Maelezo waliyompa mama ni kwamba maandishi ya mtoto ni sahihi lakini yamejifunga, hayasemi kitu. Karo yao bila basari ni zaidi ya mauzo ya mama ya mwaka, na mazungumzo yaliishia hapo.

Jioni ile nilimwomba Binti aniandikie insha yake kutoka kichwani. Kichwa kilikuwa kuhusu dhoruba. Aliikumbuka karibu yote, haikuwa ndefu. Mwanzo wake:

*The wind was strong. The roof was old. We were afraid. My mother closed the window.*

Sentensi kumi na nne, hakuna iliyozidi maneno tisa, hakuna kosa hata moja. Mtu haongei humo. Nikatoa faili lake la Januari, kwa sababu nilikumbuka kwamba aliwahi kuniandikia kuhusu mvua wiki ya kwanza, wakati wa jaribio lile la 19. Niliipata:

*The rain it came like somebody who he is owed money.*

Mvua ilikuja kama mtu anayedai. Mtoto wa miaka 11, anayejua mdai anavyobisha mlango. Na juu ya sentensi hiyo kulikuwa na wino wangu mwekundu: duara kwenye *it*, duara kwenye *he*, na pembeni nimeandika "rudia". Hakuna neno lingine.

Uchambuzi

Tuanze na kilichofaa. Kupanda kutoka 21 hadi 34 hakukutokana na wingi wa mazoezi, maana wiki tano za kwanza ndizo zilikuwa na mazoezi mengi kuliko zote. Kulitokana na kubadilisha swali. Nilikuwa nikiuliza ni kanuni gani ya Kiingereza mtoto haijui. Kanuni alizijua. Swali lililofungua lilikuwa ni Kiswahili gani kimejificha hapa, na hilo mtoto mwenyewe angeweza kulijibu, kwa sababu Kiswahili ni chake. Makosa sitini yalipogeuka kuwa sababu tisa, hofu ilipungua. Tisa zinashikika.

Vitabu vya Uingereza si vibaya, na ningevinunua tena kesho. Vinafundisha umbo la mtihani, istilahi, mwendo wa saa. Mwalimu wa Nairobi anapaswa kujua tu kwamba viliandikwa kwa mtoto anayekosea kwa kusikia kupita kiasi, wakati wake anakosea kwa kutafsiri vizuri. Kila ukurasa wa *could of* tulioufanya Februari ulikuwa nauli ya matatu isiyopita mtaani kwetu.

Kuhusu konsonanti mbili, nadhani nilichelewa kuanza. Yale maneno matano yangehitaji miezi, nami niliyapa wiki sita.

Kuhusu KPSEA, uamuzi wa kumwacha shuleni ndio uliookoa mwaka wake. Aliifanya Oktoba pamoja na wenzake.

Sasa insha, ambayo ni deni langu. Daftari la safu tatu lilifanya kazi yake vizuri kupita nilivyokusudia. Lilimfundisha Binti kusimama mlangoni mwa kila sentensi na kuikagua kabla haijaingia. Kwenye mstari wa A, B, C, D hiyo ndiyo kazi. Kwenye insha, mlinzi mkali namna hiyo haruhusu mtu kupita, na mwenye nyumba anabaki peke yake ndani. Alipunguza makosa kwa njia rahisi kuliko zote, akaacha kusema mambo ambayo yangeweza kukosewa. Dalili zilikuwepo. Insha zake za Machi zilikuwa fupi kuliko za Januari, za Aprili fupi zaidi. Mimi nilihesabu makosa yaliyopungua nikafurahi. Maneno yaliyopungua sikuyahesabu.

Ningerudishwa Januari, ningeanza na ukurasa wa maandishi huru kila wiki, na ukurasa huo haungeguswa na wino wowote. Makosa yake ningeyanakili mimi kwenye karatasi nyingine, yaingie kwenye daftari siku ya pili, yakiwa yameshaachana na hadithi yalikotoka. *The rain it came like somebody who he is owed money* ilihitaji kupoteza maneno mawili tu ili iwe sentensi ambayo mtahini angeisoma mara mbili. Nilikuwa na wiki kumi na sita za kumwambia hivyo.

Mama hakunilaumu. Alisema basari ni ya Mungu na wazungu, akaniuliza kama Jumamosi bado ziko. Ziko. Binti sasa ni Gredi ya 7 katika uwanja uleule, na kile kijitabu anacho mvulana mwingine, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha penseli za watoto wawili. Wiki iliyopita Binti alileta ukurasa mmoja na nusu kuhusu siku kanjo, askari wa jiji, walipovamia vibanda vya sokoni. Una makosa kumi na moja. Nimeyahesabu kwa macho.